"Kusafisha kizazi" ni nini hasa

Jumamosi nimempeleka wifi yangu saluni Majengo hapa Moshi, anajiandaa kupandikiza mimba na daktari kamwambia kuna kinyama kidogo ndani ya kizazi kitolewe kwanza. Msusi akadakia, "Ahaa, wanakusafisha kizazi." Nikamwona wifi kwenye kioo ameinamisha macho kwenye simu, hajajibu kitu. Hilo neno nimelisikia mno jamani.

Kwa kifupi, hospitalini kusafishwa ni kutolewa mabaki ya mimba iliyoharibika, kwa kufyonza au kukwangua. Basi.

Shida ni neno lenyewe. Safi tumelitoa kwenye Kiarabu, ukilipachika -sha mwishoni ushasema kuna uchafu hata kabla mtu hajapimwa. Kizazi linatokana na kuzaa, ndo maana hilohilo tunaitia watu wa rika moja, kizazi cha babu, kizazi cha sasa, na kwa jina lingine unaitwa mji wa mimba, neno zuri kabisa. Sasa unachukua neno la uzao wa mtu unalibandika uchafu, na huku mtaani ukisikia "fulani kasafishwa" wengi wanaelewa katoa mimba, hata kama iliharibika yenyewe na bado anailia. Kizazi hakihitaji kufagiliwa na dawa za chupa, kila mwezi utando wake wa ndani unabomoka unatoka, ndo hedhi hiyo, kisha unajijenga upya.

Kinachotibiwa kina jina: kinyama, uvimbe uliochomoza kwa ndani, ukuta wa kuzaliwa nao unaogawa kizazi, au makovu. Wanapitisha kamera nyembamba kwenye mlango wa kizazi, daktari anakata anachokiona. Kwa anayepandikiza ni jambo kubwa maana maabara wanatengeneza kiinitete tu, yaani mimba changa kabisa, pa kujishikiza ni palepale ndani, wakati uvimbe ulioota kwa nje mara nyingi unaachwa kama hausumbui.

Na hayo makovu, ambayo daktari Asherman aliyaeleza mwaka 1948, mara nyingi yanatokana na kukwanguliwa, yaani hukohuko tunakoita kusafisha, kuta zinabaki na vidonda halafu zinagandana. Hata ule mtindo wa kuukwaruza kidogo utando ili mimba ishike ulijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 1,300, majibu yakatoka 2019, waliokwaruzwa na wasiokwaruzwa wakajifungua kwa kiwango kilekile.

Kwenye hiace ya kurudi nikamwambia, wifi, mama akikuuliza mwambie unaenda kutolewa kinyama. Akalirudia taratibu, "kinyama." Ehe, kinyama, sio uchafu.