Maji ya mazingira: mto unabaki na nini bwawa likijengwa

Maji ya mazingira ni yale ambayo bwawa linatakiwa kuyaachia yaendelee kushuka na mto, ili samaki, mimea, mifugo na watu walio chini ya ukuta wasikatiwe. Wengi wanaishia kwenye ujazo: lita ngapi kwa sekunde. Majira nayo yana uzito uleule. Mto uliozoea kufurika masika na kunywea kiangazi hauwezi kulisha viumbe walewale ukigeuzwa bomba la kasi moja mwaka mzima.

Sisi wa Dodoma bwawa tunalijua zaidi kwa upande wa juu. Ukishika barabara ya Iringa unafika Mtera, perege na kambale wa kukaanga wanauzwa kando ya lami, na ziwani bado kuna visiki vya miti iliyokufa bonde lilipojazwa maji. Bwawa lile lilijengwa kwanza kuwa ghala la maji ya mitambo ya umeme ya Kidatu, iliyo chini zaidi kwenye Ruaha Mkuu. Mitambo yake lenyewe, megawati 80, ilikuja 1988. Maji yakirudi nyuma, watu huyafuata na jembe, wanapanda mahindi na mboga kwenye udongo wenye unyevu, wafugaji wanashusha ng'ombe. Yakipanda, shamba linazama na hakuna wa kumdai.

Upande wa pili wa ukuta hakuna wa kupiga picha, na huko ndiko hoja yetu iliko.

Mfano unaofundishwa hadi nje ya nchi ni Kihansi, kwenye milima ya Udzungwa. Maporomoko yake yalikuwa yanarusha manyunyu mchana na usiku, na ndani ya manyunyu hayo, kwenye eneo la hekta chache tu, aliishi chura mdogo wa rangi ya dhahabu ambaye hatagi mayai bali huzaa watoto. Hajulikani kwingine kokote duniani. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa mno ya maji iliingizwa kwenye handaki na korongo likakauka. Ikabidi kufunga mabomba ya kunyunyizia, yaani kutengeneza kwa mashine manyunyu yaliyokuwa ya bure. Chura akapungua hata hivyo, ugonjwa wa fangasi ukachangia, na mwaka 2009 akatangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wamezaliana kwenye bustani za wanyama Marekani. Walianza kurudishwa korongoni 2012.

Kwa chura mtu anaweza kucheka. Basi tuje kwa mpunga.

Mto Bubu unashuka kutoka Kondoa, unapita Chemba, unaishia kwenye kinamasi cha Bahi. Hauendi baharini. Mkulima wa Bahi anategemea mafuriko yale yajaze majaruba ya mpunga, na mvuvi anategemea yaleyale yalijaze dimbwi. Mpango wa bwawa la Farkwa uko juu ya mto huohuo, na lengo lake kubwa ni kuipatia Dodoma maji ya kunywa. Jiji lina kiu ya kweli, hilo halina ubishi. Lakini majadiliano ya Farkwa huishia kwenye fidia ya wanaohamishwa, kwa sababu nyumba inahesabika. Jaruba la Bahi lisilopata maji Februari halimo kwenye daftari la fidia, maana mwenye nalo hajahamishwa.

Sera ya Maji ya 2002 iliweka mahitaji ya msingi ya binadamu kwanza, kisha ulinzi wa mazingira, ndipo umeme na kilimo vifuate. Kwenye karatasi imekaa vizuri. Mwaka wa ukame ndiyo kasheshe: kila ujazo unaopitishwa pembeni ya mitambo ni umeme usiozalishwa, na giza lina walalamikaji wengi kuliko mto.

Tena tusilibebeshe bwawa kila kosa. Ruaha Mkuu ulianza kukauka kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha miaka ya 1990, sehemu iliyo juu ya Mtera kabisa, na kinachotajwa zaidi ni mifereji ya mashamba ya bonde la Usangu. Huko nako maji ya mazingira yanahitajika, ila badala ya ukuta mmoja wenye milango kuna mabanio mengi, yaani vizuizi vya kuchepushia maji shambani, na kila banio lina mwenyewe.