Hizo Nyuzi 2.5 Mnazopunguza Mmezitoa Wapi?

Nimeiona tena hesabu ile. Swali linataka pembe ya bondi katika H₂S, na jibu limeandikwa bila wasiwasi wowote: salfa ina jozi pweke mbili (jozi za elektroni zisizofunga bondi), kila jozi pweke hupunguza nyuzi 2.5 kutoka pembe ya tetrahedroni, kwa hiyo 109.5 − 5 = 104.5. Pembe iliyopimwa ni nyuzi 92.1. Kukosea kwa zaidi ya nyuzi 12 ndani ya molekuli yenye atomu tatu tu si jambo la kufumbia macho.

Chanzo chake kinajulikana. Panga methani, amonia na maji kwa mfuatano: 109.5, 107, 104.5. Tofauti ni 2.5 na 2.5, na mwanafunzi yeyote anayependa ruwaza anaruka kwa furaha. Sasa iandike amonia kwa desimali yake, 106.7. Tofauti zinageuka kuwa 2.8 na 2.2. Ulinganifu wote huo ulizaliwa pale mtu alipokadiria nambari moja ili ikae vizuri kwenye jedwali.

Sidgwick na Powell, mwaka 1940, walihusisha umbo na idadi ya jozi za elektroni zinazoizunguka atomu ya kati. Gillespie na Nyholm, mwaka 1957, wakaendeleza hoja, ikawa modeli iitwayo VSEPR: msukumano wa jozi pweke kwa jozi pweke ndio mkubwa kuliko wote, unafuata wa jozi pweke kwa jozi ya bondi, na wa bondi kwa bondi ndio mdogo. Huo ni mpangilio wa nani anamzidi nani. Hautaji nyuzi ngapi.

Kuhesabu jozi napitia haraka, maana kila kitabu kinacho. Chukua elektroni za valensi (za tabaka la nje) za atomu ya kati, ongeza moja kwa kila haidrojeni au halojeni iliyoungana nayo kwa bondi moja, ongeza moja kwa kila chaji hasi au toa moja kwa kila chaji chanya, gawanya kwa mbili. Jozi mbili zinakaa kwenye mstari mnyoofu, tatu pembetatu, nne tetrahedroni, tano piramidi pacha ya pembetatu, sita oktahedroni. Bondi maradufu ihesabiwe kama kundi moja. Kisha jina la umbo litolewe kwa kuangalia mahali zilipo atomu peke yake: maji ni molekuli iliyopinda. Anayeandika "tetrahedroni" ametaja mpangilio wa jozi, na hakuulizwa hilo.

Turudi kwenye kero. Tuseme sheria ya 2.5 ni ya kweli, tuipeleke kwingine. SF₄ ina jozi tano, moja pweke, nayo inakaa ikweta, yaani kwenye moja ya nafasi tatu za katikati; nafasi mbili za juu na chini ndizo za mhimili. Florini mbili za ikweta zilipaswa kuwa nyuzi 120. Zimebanwa hadi karibu 102. Jozi pweke moja imekula nyuzi 18. Katika molekuli hiyohiyo, florini mbili za kwenye mhimili zimetoka 180 hadi kama 173. BrF₅ ina jozi pweke moja, na pembe kati ya florini ya kileleni na zile za kitako ni karibu 85 badala ya 90. XeF₄ ina jozi pweke mbili, na pembe zake ni 90 kamili. XeF₂ ina tatu, nayo ni 180 kamili. Jozi pweke tatu, punguzo sifuri!

ClF₃ inastahili kutazamwa kwa utulivu, kwa sababu inawadanganya watu mara mbili. Klorini 7, florini 3, jumla 10, jozi tano: tatu za bondi, mbili pweke. Wengi huziweka jozi pweke kwenye mhimili, moja juu na moja chini, wapate pembetatu bapa inayopendeza. Hesabu majirani kwanza. Nafasi ya mhimili ina majirani watatu kwa nyuzi 90. Nafasi ya ikweta ina wawili kwa nyuzi 90 na wawili kwa 120. Msukumano hupungua haraka pembe inapopanuka, kwa hiyo majirani wa nyuzi 90 ndio wenye uzito. Jozi pweke zinakwenda ikweta na molekuli inakuwa na umbo la herufi T. Pembe yake ni 87.5. Hapo wafuasi wa 2.5 hushangilia: 90 − 2.5! Lakini jozi pweke ni mbili. Kwa sheria yao ilipaswa kuwa 85.

Kinachoamua ni mahali jozi pweke ilipo na kitu kilicho upande wa pili. Jozi ya bondi inavutwa na viini viwili, inanyooka kama kamba inayovutwa huku na huku. Jozi pweke inashikwa na kiini kimoja tu, inajitandaza karibu nacho na kuwabana majirani. Katika XeF₄ jozi pweke mbili zinatazamana kutoka pande zilizo kinyume. Florini ikiinama juu inasukumwa chini, ikiinama chini inasukumwa juu. Misukumo inafutana.

Jozi za bondi nazo hazifanani. NF₃ na NH₃ zote zina jozi pweke moja, lakini ya kwanza ni nyuzi 102 na ya pili 106.7. Florini huvuta elektroni za bondi kuelekea kwake, hivyo karibu na naitrojeni jozi hizo zinakuwa nyembamba na kusogezwa kirahisi. Katika SO₂ hali ni kinyume: bondi nene, kwa kuwa ni maradufu, zinaihimili jozi pweke, pembe inabaki 119.3. Kisha kuna Cl₂O, yenye jozi pweke mbili kwenye oksijeni, na pembe yake ni karibu 111. Imezidi 109.5! Klorini mbili ni kubwa, na zenyewe zinasukumana.

Sasa yale ambayo vitabu huyapitia kimyakimya. Kwa hoja ya florini niliyotoa, PF₃ ingekuwa na pembe ndogo kuliko PH₃. Vipimo vinasema 98 dhidi ya 93.5. Watetezi wa modeli hujibu kwamba florini hurudisha sehemu ya elektroni zake kwa fosforasi na kuinenepesha bondi. Huenda. Ila maelezo yanayoitwa pale tu mambo yanapoharibika hunitia shaka. Kwa H₂S mimi huona ni afadhali kusema wazi kwamba salfa inafunga bondi zake kwa obitali p zaidi (aina ya maeneo ambamo elektroni hukaa), ambazo zina nyuzi 90 kati yao, na kwamba bondi ya S–H, pikomita 134 dhidi ya 96 za O–H, inaziweka haidrojeni mbali kiasi kwamba hakuna kinachozilazimisha kutanuka.

Kuna mabaya zaidi. TeCl₆²⁻ ina jozi saba, lakini ni oktahedroni safi, kana kwamba jozi pweke haipo. XeF₆ nayo ina saba, na kwenye gesi imepotoka na haitulii. BaF₂ ikiwa gesi imepinda ilhali bari haina jozi pweke hata moja. Modeli ilitaka 180. Kwa metali hizi nzito sipendekezi kuitumia modeli kabisa.

Kwenye karatasi ya majibu, kwa molekuli za jozi nne kama amonia na maji, andika umbo, kisha "pembe ni chini ya 109.5 kwa sababu jozi pweke husukuma zaidi". Kwa haidraidi (misombo na haidrojeni) za fosforasi, salfa na zilizo chini yake kwenye jedwali la elementi, andika "karibu na 90". Nambari 107 na 104.5 zikariri kama vipimo vya amonia na maji, wala usizihamishie kwa molekuli nyingine.