Maswali na Majibu: Afya ya Mpiga Picha Kwenye Ziwa Lililoganda

Ifikapo Januari maji ya Ziwa Baikal, kule Siberia, huganda, na barafu yake ya bluu huwavuta wapiga picha wa kila pembe ya dunia. Wapo wanaotamani safari hiyo hata huku Dar es Salaam, ambako Julai nyuzi zikishuka hadi 18 tu watu tunatoa masweta. Kabla hujakata tiketi, soma haya.

Mimi mtu wa Temeke. Baridi itaniumiza kuliko wenyeji?

Vidole na masikio, ndiyo. Tafiti kwa wanajeshi wa Uingereza na Marekani zimeonyesha kuwa wenye asili ya Afrika hupata majeraha ya baridi kwa urahisi kuliko wenzao weupe. Mishipa yao ya vidoleni hujibana sana na huchelewa kufunguka. Halafu maelezo mengi husema ngozi inayoganda hugeuka nyekundu, kisha nyeupe. Hayo hayakuandikwa kwa ajili yetu: ngozi nyeusi hupauka tu kijivujivu, na unaweza usigundue. Usitegemee macho. Kidole kilichokuwa kinauma kikinyamaza ghafla na kuwa kigumu kama nta, usifurahi; kimekufa ganzi.

Mpiga picha ana hatari gani zaidi ya mtalii?

Kusimama. Mtalii anatembea na misuli yake inatoa joto; wewe umeganda kando ya stendi ya kamera ukingoja jua lichomoze. Juu ya ziwa hakuna mti wa kukinga upepo, na upepo ndio hupokonya joto. Baridi pamoja na upepo ikifikia nyuzi 28 chini ya sifuri, ngozi iliyo wazi inaweza kuganda ndani ya dakika 10 hadi 30; ikifikia 40 chini ya sifuri, dakika 5 hadi 10 zinatosha.

Na wewe glavu unavua! Unavua kubonyeza kitufe, unavua kubadili betri, kwa sababu baridi huzimaliza chaji upesi. Weka betri za akiba mfuko wa ndani, karibu na mwili. Vaa glavu nyembamba, juu yake zile pana zisizotenganisha vidole, na uifunge miguu ya stendi kwa sponji. Chuma hunyonya joto la mkono haraka sana, na ngozi yenye unyevu inaweza kunata.

Mavazi ya mitumba ya soko la Karume yanatosha?

Koti zuri unaweza kulipata. Fulana ya pamba ndiyo uiache: ikilowa jasho haikauki, inakupoza. Ngozini vaa sufu au poliesta. Buti zisibane, damu ipite.

Konyagi kidogo je?

Hapana. Pombe hufungua mishipa ya ngozini. Unahisi joto huku joto lenyewe linatoka.

Nitajuaje mwenzangu amezidiwa?

Joto la ndani ya mwili likishuka chini ya nyuzi 35, mtu hutetemeka, huropoka, huangusha vifuniko vya lenzi. Akiacha kutetemeka bila kupashwa joto, hali imekuwa mbaya zaidi. Mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike, mpigie simu daktari. Kidole kilichoganda usikisugue wala usikisogeze motoni, kwani hakihisi kuungua. Kiloweke kwenye maji ya nyuzi 37 hadi 39, ila tu kama una hakika hakitaganda tena njiani.

Barafu ikipasuka?

Barafu safi, ngumu, huhitaji angalau sentimeta 10 kumbeba mtu. Ile nyeupe ni dhaifu, izidishe mara mbili. Muulize mwenyeji kila asubuhi. Ukitumbukia, utahema kwa nguvu bila kupenda. Tulia kwanza upate pumzi, hilo hupita ndani ya dakika moja hivi. Geukia ulikotoka, piga mateke ulale juu ya barafu, kisha bingirika. Kamera iache izame.

Nani asiende kabla ya kumwona daktari?

Mwenye presha au ugonjwa wa moyo, kwani baridi hubana mishipa na kuupa moyo kazi kubwa. Mwenye pumu, maana hewa kavu ya baridi huweza kuibua shambulio. Na mwenye selimundu, ambao baridi inajulikana kuwaletea maumivu makali. Huyu akamwone daktari wa kliniki yake hata kama safari ni ya Kilimanjaro tu, ambako baridi hukutana na uhaba wa hewa.