Maziwa ya soya yamekatika, umwage?

"Yamekatika, mwaga." Mimina maziwa ya soya kwenye kahawa nyeusi ya moto, vipande vyeupe vielee juu, na mtu mezani atakwambia hivyo. Kama hayana harufu mbaya na paketi imefunguliwa asubuhi hiyo, ninayaonea huruma. pH, kipimo cha asidi ambacho hushuka asidi ikiongezeka, huwa karibu 7 kwa maziwa hayo, na karibu 5 kwa kahawa. Ndani ya paketi, molekuli za protini zina chaji hasi kwa wingi, kwa hiyo zinasukumana na kubaki zimetawanyika. Asidi huzipunguza chaji hizo. pH ikikaribia 4.5, hasi na chanya hulingana, msukumano ukaisha, protini zikashikana mabonge. Tena zile zilizokwisha kuchemshwa zimekunjuka, basi huganda hata kabla ya kufika huko. Mtengeneza tofu anayetia siki au ndimu kwenye maziwa ya moto anakitafuta kitu hichohicho. Yeye ana kitambaa cha kukamulia, wewe una kikombe.

"Asidi ikizidi, mabonge yanazidi." Koroga unga wa soya usiopikwa kwenye maji, chuja, kisha dondoshea asidi taratibu. Maji yatakuwa meupe na mashapo yatatuama. Endelea hadi chini ya pH 3, na sehemu kubwa ya mashapo itayeyuka tena: sasa molekuli zimejaa chaji chanya, zinasukumana upya.

"Asidi inaua protini." Kinachobadilika ni umbo na mpangilio. Glisinini, moja ya protini kuu za akiba katika mbegu ya soya, ni kundi la vipande sita pH ikiwa 7.6; ikishuka hadi 3.8, mengi ya makundi hayo huwa yamegawanyika tatu-tatu. Mnyororo wa asidi amino haukatwi na ndimu ya jikoni. Kazi hiyo ni ya vimeng'enya vya tumboni.

Ya hatari ni ile ya kwamba ndimu "inaivisha" soya mbichi. Soya mbichi ina protini zinazoizuia tripsini, kimeng'enya kinachosaga protini utumboni, na mojawapo, kizuizi cha Kunitz, imefungwa kwa madaraja mawili ya salfa na inastahimili asidi vizuri tu. Dawa yake ni moto. Chemsha.

Na maharage? Wanaosema nyanya zikitangulia sufuriani hayaivi upesi wako sahihi; wanakosea wanapoisingizia protini. Asidi huifanya pektini, gundi ya kuta za seli, ichelewe kuyeyuka. Magadi, yaliyo kinyume cha asidi, huiyeyusha haraka, ndiyo maana mabibi zetu huyatia kidogo. Nyanya zisubiri mpaka harage libonyee kwa vidole viwili.