Kulipa gharama peke yake hakurudishi gari lililokamatwa Uingereza

Madereva wengi nchini Uingereza huamini kwamba gari likikamatwa na polisi kwa kukosa bima, kinachobaki ni kutafuta fedha, kulipa na kuondoka nalo. Imani hiyo si sahihi, na inasikitisha kuona watu wakipoteza magari yao kwa sababu yake.

Polisi hukamata gari la namna hiyo kwa kifungu cha 165A cha Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1988. Ili kulipata, mbali na kulipa gharama za kulivuta na kulihifadhi, mhusika hutakiwa kuthibitisha kwamba gari ni lake, na kuonyesha leseni na bima halali. Hapo kwenye bima ndipo wengi hukwama, kwa kuwa bima nyingi, hasa za muda mfupi, hueleza katika masharti yake kwamba hazitumiki kulikomboa gari lililozuiliwa. Ni busara kuiuliza kampuni waziwazi kabla ya kulipa chochote.

Hati ya usajili nayo humtaja mtu anayewajibika kwa gari, ambaye si lazima awe mmiliki, hivyo stakabadhi ya ununuzi itafutwe mapema. Gharama za hifadhi huongezeka kila siku, na gari lisilodaiwa linaweza kuuzwa au kusagwa baada ya siku 14.

Malipo hayo hayafuti kosa lenyewe: adhabu ya kawaida ya kuendesha bila bima ni pauni 300 na pointi 6 kwenye leseni.