“Tunapiga dawa kila jioni”: dhana potofu kuhusu bakteria wa nyama

Kila nikimpigia simu mwenye kiwanda kumwambia kwamba sampuli zilizochukuliwa kwenye mashine zake zimeonyesha Listeria, bakteria anayeweza kumuua mlaji, jibu ni lile lile: “Haiwezekani. Sisi tunapiga dawa kila jioni.” Wapo wanaonipeleka hadi stoo nikaone madumu. Nimelisikia machinjioni, nimelisikia kwenye viwanda vya soseji na vya kuku, na kumjibu mmoja mmoja kumenichosha. Basi nawajibu wote kwa pamoja.

Dawa ya kuua bakteria, kama klorini, huua kile inachokigusa tu. Klorini haichagui cha kushambulia: ikikutana na damu, mafuta au nyuzi za nyama, nguvu yake inaishia hapo hapo kabla haijawafikia bakteria. Pima maji ya dawa yakiwa bado ndooni, utakuta kipimo kizuri. Yapime tena yakichuruzika kutoka kwenye meza yenye damu, utakuta hakuna kitu. Wengi wakiambiwa hivyo huongeza dozi. Matokeo yake wafanyakazi wanakohoa, macho yanawaka, chuma kinaliwa na kutoboka vishimo vidogo vidogo, na vishimo hivyo vinakuwa maficho mapya. Uchafu uko pale pale.

Halafu kuna utando. Bakteria wakipata mahali penye unyevu na mabaki ya chakula, hutoa ute unaowashikiza kwenye chuma au plastiki na kuwafunika. Kwa macho huuoni mapema. Lakini mkanda wa kusafirishia nyama ukishaoshwa, pitisha kidole upande wake wa chini, ule ambao mgeni haonyeshwi. Kama panateleza, ndio huo. Ukipiga dawa juu yake, walio juu wanakufa, walio chini wanabaki, na asubuhi kazi inaanza wakiwa wameshazaana. Utando hutolewa kwa sabuni, brashi na mkono wa mtu anayesugua kwelikweli. Dumu la dawa haliifanyi kazi hiyo, hata liwe la bei gani.

Usafi una mpangilio wake, na haupindishwi. Anza kwa kukwangua na kukusanya mabaki makavu, bomba likiwa bado limefungwa. Kisha suuza kwa maji ya uvuguvugu. Maji ya moto sana huivisha protini ya damu ikagandamana na chuma, na maji baridi huyaacha mafuta yameganda. Baada ya hapo paka sabuni ya povu, iache dakika 10 hadi 15 bila kuiruhusu ikauke, sugua, suuza. Sasa shika tochi, umulike kwa pembeni, maana mwanga unaopita juu juu ya chuma huonyesha mafuta ambayo taa ya dari haionyeshi. Ukiona doa, rudi kwenye sabuni. Dawa inakuja baada ya hayo yote, kwa kipimo na muda ulioandikwa kwenye lebo. Mwisho kausha, kwa sababu Listeria ikipata sakafu yenye madimbwi usiku kucha haihitaji kingine. Wale wa “tunapiga dawa” huruka karibu kila hatua na kukimbilia hiyo ya dawa.

Na fungueni mashine! Anayesafisha mashine ya kukatia nyama bila bisibisi amesafisha ganda lake. Mwaka 2008 nchini Kanada, Listeria ilitoka kwenye kiwanda kimoja cha Toronto na kuua watu zaidi ya 20. Mashine za kukatia zilikuwa zikisafishwa kila siku, lakini zilipofunguliwa hadi ndani kabisa yalikutwa mabaki ya nyama mahali ambapo usafi wa kawaida haukufika. Miaka tisa baadaye, mwaka 2017 na 2018, Afrika Kusini ilipata mlipuko mkubwa kuliko huo: wagonjwa zaidi ya 1,000, vifo zaidi ya 200, na chanzo kikafuatiliwa hadi kwenye polony, yaani soseji nene za kukatwa vipande, za kiwanda kimoja cha Polokwane. Polony hupikwa kiwandani, na joto la kuipikia linatosha kuiua Listeria. Nyama ya namna hii huchafuliwa ikishatoka jikoni, inapopoozwa, inapomenywa, inapokatwa na kufungwa. Mteja naye anaila kama ilivyo, bila kuipika tena. Ndiyo maana chumba cha kazi hizo ndicho ninachokikagua kwa muda mrefu kuliko vyote, wakati mwenyeji wangu ananivuta nikaangalie jiko jipya.

Jambo moja zaidi hapo hapo, na hili linanikera binafsi: ile pampu ya maji ya shinikizo. Watu wanaipenda kwa sababu ina kelele na inaonekana inafanya kazi. Ielekeze kwenye mfereji wa sakafuni, makao ya Listeria ya siku zote, na matone yake yatapaa hadi kwenye meza uliyomaliza kuisafisha dakika tano zilizopita. Ningekuwa na mamlaka ningeifungia stoo. Mfereji uwe na brashi yake, yenye rangi yake, isiyogusa kitu kingine chochote.

Dhana nyingine potofu nitazipitia haraka.

“Nyama haina harufu, kwa hiyo ni salama.” Harufu mbaya hutoka kwa bakteria wanaoozesha nyama, kama Pseudomonas. Salmonella na E. coli hatari hawanuki, na wala hawahitaji kuwa wengi. E. coli wa aina hatari ya O157:H7 wasiofika 100 wanaweza kumwangusha mtu. Mwaka 1993 nchini Marekani, hamburger ambazo hazikuiva vizuri ziliwafanya mamia ya watu waugue na kuua watoto wanne. Mwaka uliofuata serikali ikapiga marufuku kuuza nyama mbichi ya kusaga yenye bakteria huyo. Nyama ya kusaga ina hatari yake ya pekee: kilichokuwa juu ya pande la nyama sasa kiko katikati ya kila donge, kwa hiyo katikati pafike nyuzi joto 71.

“Iko kwenye friji, bakteria wameshakufa.” Friji huwachelewesha wengi wao, ila Listeria huendelea kukua polepole hata kwenye nyuzi joto 4. Friza nayo hupunguza Campylobacter, bakteria mwingine anayeharisha watu, bila kuimaliza, na Salmonella hulala tu ikisubiri nyama iyeyuke.

“Kuku wangu ni wazima, hawana ugonjwa.” Sawa, ni wazima. Campylobacter huishi tumboni mwa kuku asiyeonyesha dalili yoyote, kwa sababu joto la mwili wake, nyuzi 41 au 42, ndilo inalolipenda. Tatizo linaanza kwenye tanki la maji ya kunyonyolea, kwenye vidole vya mpira vya mashine ya kunyonyoa, na pale utumbo unapopasuka wakati wa kutoa matumbo. Wanyimeni kuku chakula saa 8 hadi 12 kabla ya kuchinja, maji waachiwe. Utumbo mtupu haumwagi kitu. Ila msipitilize, maana ukikaa mtupu muda mrefu unakuwa laini na kuchanika kirahisi. Haigharimu chochote, na bado napata tabu kuwashawishi watu.

“Nimemwosha kuku vizuri jikoni.” Umerusha bakteria kwenye sinki, kwenye kachumbari na kwenye nguo yako. Mpike hadi nyuzi joto 74 ndani ya paja, inatosha.

“Imelala nje, lakini nitaichemsha tena.” Sumu inayotengenezwa na Staphylococcus aureus haivunjwi na kuchemsha. Ukichemsha unaua bakteria, sumu yao unaila.

“Tunachovya visu kwenye maji moto.” Moto kiasi gani? Kanuni za Ulaya zinataka nyuzi joto 82, au njia nyingine yenye nguvu sawa na hiyo, na kuchovya upesi na kutoa hakusaidii. Kila mchinjaji awe na visu viwili: kimoja mkononi, kingine kikiwa kwenye maji, abadilishane kila mzoga unapopita. Kisu kisafishwe damu na mafuta kwanza kabla ya kuingia humo, la sivyo mnachemsha supu. Na hayo maji yapimwe kwa kipimajoto saa ambazo kazi imepamba moto, si alfajiri kabla mtu wa kwanza hajachovya kisu.