Farasi wa miaka miwili na zawadi za mamilioni: yanayosemwa na ukweli wake

Mwanza huwezi kukutana na farasi barabarani. Mbung'o, pamoja na ugonjwa hatari wa farasi unaoenezwa na usubi, vimeuachia ukanda huu wa ziwa punda na maksai. Farasi tunamwona kwenye skrini za maduka ya kubeti, na huko mara nyingi ni katuni ya kompyuta, mbio mpya kila baada ya dakika chache, mnyama asiye na mfupa wa kuvunjika. Ubishi wa maana unahusu wale wa kweli. Waliokulia kwenye nira Kwimba na Misungwi wanasema kumkimbiza farasi wa miaka miwili ni ukatili. Wenye mikeka wanasema farasi kazaliwa akimbie. Kila upande umeshika nusu ya jambo.

Dhana: Farasi wa miaka miwili ana miaka miwili.

Umri wa farasi wa mbio husomwa kwenye kalenda. Marekani na Ulaya wote hutimiza mwaka tarehe 1 Januari. Australia ni tarehe 1 Agosti. Aliyezaliwa Marekani tarehe 10 Mei 2023 aliitwa wa miaka miwili tarehe 1 Januari 2025, wakati hajafikisha hata miezi 20. Mwenzake wa mwishoni mwa Januari amemzidi zaidi ya miezi mitatu, na wanapangwa kundi moja. Ndiyo maana wafugaji huwawashia majike taa bandani wakati wa baridi, mwanga ufike saa 16 kwa siku, ili wawe tayari kupandwa mapema. Mimba ni miezi 11, na kila wiki ina thamani.

Mtu wa mnadani angemfunua mdomo tu. Ng'ombe hubadili jozi ya kwanza ya meno ya mbele akikaribia miaka miwili, taya la chini pekee, kwa kuwa juu hana. Farasi hubadili juu na chini, akiwa na miaka miwili na nusu hivi. Wengi wanaoshindana wakiitwa wa miaka miwili bado wana meno ya utoto.

Dhana: Mifupa yake bado laini, kwa hiyo apumzishwe mpaka miaka mitano.

Hapa ndipo penye ubishi mkubwa, na jibu lake halimpi raha yeyote. Ni kweli hajakomaa. Gegedu la ukuaji, yaani sehemu laini ambayo mfupa hurefukia, la chini ya mfupa wa muundi hufunga kabla ya mwaka mmoja, la juu ya goti la mbele hufunga kati ya miaka miwili na miwili na nusu, na ya uti wa mgongo huendelea hadi kupita miaka mitano. Lakini mfupa hujijenga kwa kazi unayopewa. Farasi aliyefungiwa bandani hadi miaka minne anatoka na mwili mkubwa juu ya miundi ambayo haijawahi kuonja kasi.

Akipiga shoti kamili, kuna nukta mguu mmoja wa mbele unabeba zaidi ya mara mbili ya uzito wake. Kwa farasi wa kilo 450 hiyo ni karibu tani moja. Uso wa mbele wa muundi ndio unaokandamizwa, na ndio unaopaswa kunenepa. Kilomita nyingi za mwendo wa pole haziunenepeshi, kwa sababu katika pole mfupa unapindwa kwa namna nyingine. Unaohitajika ni mkimbio mfupi: mita 200 kwa sekunde 15 hivi, mara mbili kwa wiki, kwa wiki kama tano, kisha mita 400 kwa sekunde 30, wiki nyingine tano, ndipo kasi ya mashindano, ambayo ni takriban sekunde 12 kwa kila mita 200. Katikati awe na uwanja wa kutembea.

Mambo huharibika kwa njia mbili. Ya kwanza ni kuruka hatua: muundi unapata joto, unavimba kwa mbele, na hatua zinakuwa fupi. Ukimpa dawa ya maumivu akaendelea, nyufa ndogo zinaungana. Ya pili wengi hawaitegemei. Akipumzishwa miezi mitatu, mfupa unapunguza kile kisichotumika, na akirudishwa moja kwa moja kwenye kasi anaweza kuvunjika akiwa anaonekana mzima kabisa.

Dhana: Wachanga ndio wanaokufa zaidi uwanjani.

Hapana. Kumbukumbu za Marekani, zinazokusanywa tangu 2009, zinaonyesha wa miaka miwili wakifa kwa kiwango cha chini kuliko wakubwa kwa kila mara wanayoshindana. Ila takwimu hiyo ni ya siku ya mbio. Aliyeumia mazoezini hakufika kuhesabiwa.

Dhana: Pesa kubwa ni ya wachanga, akichelewa imepotea.

Mbio za Golden Slipper za Sydney hutoa dola milioni 5 za Australia kwa mita 1,200, wa miaka miwili tu. Kentucky Derby hutoa dola milioni 5 za Marekani tangu 2024, wa miaka mitatu tu. Lakini Saudi Cup, yenye dola milioni 20, ni ya waliokomaa.

Kwa maoni yetu, tatizo ni tarehe. Derby humpata farasi mara moja maishani, na pointi za kuingia huanza kutafutwa akiwa na miaka miwili. Muundi ukiuma Februari, kumngoja ni kuipoteza Mei. Juu ya hapo, dume aliyeng'ara mapema hulipwa kwa kupandisha majike, pesa inayoweza kuzidi zawadi yenyewe. Kwa hiyo haraka ina faida hata asipokimbia tena.

Haraka hiyo ipo hata mnadani. Mwaka 2006 dume aliyeitwa The Green Monkey alikimbia mita 200 kwa sekunde 9.8 mbele ya wanunuzi, akauzwa dola milioni 16. Alishindana mara tatu, hakushinda hata moja, akaambulia dola 10,440.

Dhana: Kanuni za maksai zinamtosha.

Nusu. Maksai hufundishwa kati ya miaka miwili na mitatu kwa kukokota gogo jepesi asubuhi ya ubaridi, na plau ya siku nzima husubiri kama miaka minne. Kupandisha mzigo taratibu ni kulekule. Ila maksai anajengwa kuvumilia masaa, farasi anajengwa kuvumilia sekunde 70.

Kipimo cha kila asubuhi hakihitaji mashine. Kabla ya tandiko, pitisha kidole gumba mbele ya muundi kutoka chini ya goti kushuka, mguu mmoja halafu wa pili, ukilinganisha joto. Akishtuka au akivuta mguu, wiki hiyo hakuna kasi: atembezwe, aangaliwe na daktari wa mifugo, na jina lake litolewe kwenye orodha ya Jumamosi hata kama ada imeshalipwa.